Reale, rupia na pauni za bibi: zisafishwe kabla ya kuuzwa?

BintiMkomani (Lamu)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Naomba rai zenu mapema, maana mnunuzi atarudi Ijumaa baada ya sala na mjomba wangu ameshaanza kuroweka ukwaju.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Amu. Ndani ya kasha lake tumekuta leso imefungwa fundo, na ndani ya fundo sarafu. Nimezitandaza juu ya mkeka nikaziandika. Reale saba za yule mwanamke mwenye ushungi, zote zina mwaka 1780. Rupia nne za fedha: moja ina malkia na mwaka 1862, moja ina mfalme mwenye ndevu na taji, 1911, na kwenye vazi lake mna mnyama ambaye sijamtambua, moja ya Wajerumani ya 1890, mtu amevaa kofia ya vita, na ya nne imelika hata sura haisomeki. Pauni moja ya dhahabu, mfalme upande mmoja na mpanda farasi anayeua joka upande wa pili, imeunganishwa kipete juu kwa sababu bibi aliivaa mkufuni. Pesa moja ya shaba ya Mombasa ya 1888, ina picha ya mizani. Halafu kuna kishaba chembamba chenye tundu la mraba katikati. Mama anasema babu alikiokota upande wa Manda zamani.

Mnunuzi aliziweka zote za fedha kwenye mizani kwa pamoja, akataja bei moja ya gramu. Ya dhahabu akaitajia bei yake mbali. Akasema zile nyeusi hazina soko, zing'arishwe kwanza, la sivyo atapunguza. Na kweli rangi zake si moja. Reale mbili ni nyeusi ukingoni na katikati zina buluu na zambarau. Nne ni za kijivu. Moja inang'aa kuliko zote, na hiyo ndiyo aliyoisifu.

Maswali yangu: zisafishwe au zisisafishwe? Na mtu asiye na ujuzi kama mimi nitajuaje ipi iko katika hali nzuri na ipi imechakaa? Sitaki kuuza vitu vya bibi kwa bei ya vyuma chakavu, wala sitaki kumshuku mtu bure.

MzeeWaLangoni (Lamu)

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu bibi yako. Huo ukwaju mwambie mjomba autie kwenye mchuzi. Usiguse sarafu hata moja. Wala ndimu, wala jivu, wala dawa ya meno, wala kitambaa cha kung'arishia.

Marehemu baba yangu alikuwa sonara, duka letu lilikuwa huku Langoni. Reale ndiyo iliyokuwa fedha ya kazi. Bwana harusi akija kuagiza mitali au vikuku, huleta reale zake mwenyewe, zinapimwa mbele yake, zinatiwa kwenye chungu, moto unavuviwa. Nimeona reale nzuri mno zikilegea na kuyeyuka, uso wa yule mwanamke mwenye ushungi, Maria Theresa malkia wa Austria, ukizama hivi hivi. Kwa hiyo zilizosalimika na moto zikatufikia zima, mimi naziona ni amana, na nitakueleza kwa urefu, univumilie.

Sarafu ina ngozi. Inapopigwa chapa, chuma husukumwa kwa nguvu kubwa kikatiririka kutoka katikati kwenda ukingoni, na huacha michirizi midogo isiyoonekana kwa macho. Michirizi hiyo ndiyo inayorudisha nuru. Shika sarafu ambayo haijatumika, kwa ukingo, chini ya taa moja, uizungushe polepole: utaona mwali wa nuru unazunguka nao juu ya uso wake. Sarafu iliyosuguliwa haina mwali huo. Inang'aa yote kwa pamoja, mng'aro mkavu usiotembea, na ukiinamisha kidogo utaona mikwaruzo myembamba imekwenda upande mmoja, ule ambao mkono wa msuguaji ulikwenda. Ngozi ikishatoka hairudi, hata uiache miaka mia.

Na ule weusi si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoshikana na salfa ya hewani, tabaka jembamba sana. Likianza huwa la manjano, likizidi huingia zambarau na buluu, mwisho jeusi. Ukilitoa kwa tindikali ya ukwaju unatoa na fedha iliyo chini yake. Hizo mbili zako zenye buluu, kabla sijaziona, ndizo ninazozitamani. Huyo anayekwambia hazina soko ni mnunuzi wa kuyeyusha. Kwake nyeupe na nyeusi ni gramu tu, ila akikutia hofu ya weusi anapata pa kupunguzia bei.

Sasa namna ya kupima hali. Acha kwanza kutazama kama inapendeza. Tazama sehemu zilizoinuka, maana hizo ndizo zinazolika mwanzo. Kwenye reale ya Sham, kama wazee walivyoiita, nenda moja kwa moja begani kwa Maria Theresa. Pana bizimu limezungukwa na lulu, kwa kawaida tisa. Chukua kioo cha kukuzia uzihesabu. Kama kila lulu iko peke yake, imetengana na mwenzake na ina uduara wake, sarafu hiyo haijazunguka sana mikononi. Kama zimeshikana zikawa utepe mmoja, imetembea. Halafu panda kwenye mikunjo ya ushungi na nywele zilizo juu ya sikio: zina mistari au zimekuwa bapa? Geuza. Tai wa vichwa viwili ana manyoya kifuani pembeni mwa ngao na kwenye mbawa. Manyoya hayo hupotea mapema. Wafanyabiashara wa zamani wa Uhabeshi na Bara Arabu walikuwa wakihesabu lulu zile zile kabla ya kukubali malipo, na reale iliyolika bega waliikataa.

Tahadhari moja hapa: kuna sarafu iliyolika na kuna sarafu iliyopigwa hafifu tangu kiwandani. Zote hukosa mistari. Tofauti yake iko kwenye nuru. Pale palipopigwa hafifu ngozi bado ipo na mwali unapita juu yake. Palipolika pamefifia, rangi ya kijivu kilichokufa.

Kuhusu mwaka 1780, usiusome kama mwaka wa kupigwa. Maria Theresa alifariki mwaka huo, na kwa kuwa watu wa huku na Bara Arabu walikataa sura nyingine yoyote, viwanda vya sarafu viliendelea kuzipiga na tarehe ile ile. Zilipigwa Vienna, halafu Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham katika karne ya 20. Kujua ya wapi ni ipi ni elimu ya vitu vidogo vidogo, umbo la bizimu, manyoya ya mkia, nukta, na hilo tuliache mpaka nizione picha. Rupia yako ya 1862 nayo ni hivyo hivyo, tarehe hiyo iliendelea kupigwa India mpaka 1874. Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo ni adimu kwa ukongwe wake, au akikwambia haina thamani kwa kuwa ni nyingi, wote hawajatazama hali yake. Itazame wewe: maua ya kifuani kwenye vazi la malkia na vito vya taji. Vikiwa vinahesabika, iweke peke yake.

Watu wa minada hutumia daraja kutoka 1 mpaka 70, zilizoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Kuanzia 60 ni zile ambazo hazikupata kutumika. Huhitaji kujifunza yote hayo. Wewe zipange mafungu: ambazo hazikulika kabisa, zilizolika kwenye ncha tu, zilizolika lakini kila kitu kinasomeka, na zilizokwisha. Ile rupia ya nne iko fungu la mwisho, hiyo muuzie wa gramu bila kinyongo.

Na mnyama wa 1911! Huyo ni tembo, mwanangu, yuko kwenye nishani iliyopambwa juu ya joho la Mfalme George wa Tano. Lakini mchoraji alimfanya mkonga mfupi na miguu mifupi, na rupia zilipotoka India watu waliona nguruwe. Waislamu walikasirika, na si Waislamu peke yao. Serikali ikazizuia, nyingi zikayeyushwa, na kuanzia 1912 tembo akachorwa upya, mkonga ukashuka vizuri. Basi hiyo ya bibi yako ni ya ule mwaka mmoja. Tazama kwa kioo kama mwili wa yule mnyama bado una umbo au umelainika. Bei yake imesimama hapo hapo kwa mnyama.

Kabla ya yote, pima kila moja peke yake kwa mizani ndogo ya sonara, yenye nukta mbili za desimali. Reale isipungue sana gramu 28.07, upana wake kama milimita 40. Rupia ni gramu 11.66, ya India na ya Wajerumani sawasawa. Pauni ni 7.99, lakini yako ina kipete kwa hiyo itazidi. Kuchakaa hupunguza kidogo. Ikipungua gramu mbili tatu, hiyo si kuchakaa. Kisha tazama ubavu wa reale. Pana maneno yameinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yanazunguka sarafu yote pamoja na mapambo. Yapapase kwa ukucha. Niletee majibu hapa.

FundiShela (Lamu)

Salaam. Mimi bado niko kazini, nafua fedha mpaka leo, na namheshimu mzee, lakini kwenye kusafisha nitaongeza kitu. Sarafu iliyokaa kwenye leso ya bibi ina mafuta ya mwili, udi, na huenda mafuta ya nazi. Hayo yakiachwa yanashika vumbi na unyevu. Yanatoka kwa asetoni safi, ile isiyotiwa manukato wala rangi. Itie kwenye bakuli la kioo, izamishe sarafu, iache dakika kadhaa, itoe kwa ukingo, iweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Usisugue. Asetoni haigusi fedha wala haitoi ule weusi, inatoa mafuta tu. Fungua madirisha na uwe mbali na jiko, inashika moto haraka.

Kwenye pauni nizungumze mimi, maana wateja wananiletea kila mwezi wa harusi. Dada, usikubali mtu akitoe hicho kipete ili eti irudi kuwa sarafu. Kipete kimeshikwa kwa kulehemu, na kulehemu ni moto. Moto ule ulishaondoa mng'aro wa awali pale juu ya kichwa cha mfalme, na ukitoa kipete unabaki na kovu bapa ambalo mtu hulijazia dhahabu na kulichonga meno upya. Mwenye jicho ataliona, na bei itashuka zaidi ya ilipokuwa. Pauni iliyovaliwa huuzwa kwa dhahabu yake: ni karati 22, ndani yake mna gramu 7.32 za dhahabu tupu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, halafu usikubali kushuka sana hapo. Kipete nacho ni dhahabu, kipimwe, ila mara nyingi ni ya karati ya chini.

Kipimo kingine cha nyumbani, hakiharibu kitu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba iwe sufuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ining'inize ndani ya maji izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake. Gawa uzito kwa ujazo. Reale ya kweli, iliyo na fedha asilimia 83, itakupa kama 10.2, yaani kwenye mizani usome karibu 2.75. Rupia, yenye fedha asilimia 91.7, usome kama 1.13. Ikitoka 8 na kitu hiyo ni shaba nyeupe au shaba ya manjano iliyopakwa. Pauni isiyo na kipete husoma 0.45. Yako haitakuwa sahihi kwa sababu ya kulehemu.

Mrithi2 (Malindi)

Poleni kwa msiba. Neno moja tu. Kabla ya Ijumaa, hakikisheni mirathi imekubalika kati ya warithi wote. Ukiuza kwa gramu halafu baadaye ikajulikana rupia moja ilikuwa na bei ya reale kadhaa, mtakuja kukaa mbele ya kadhi ndugu kwa ndugu. Bora kila sarafu ipewe bei yake sasa, iandikwe, na kila mmoja ajue fungu lake.

MtuWaMambrui (Malindi)

Mimi nimekwama kwenye kile kishaba chenye tundu la mraba. Senti za Afrika Mashariki za zamani zina matundu, lakini ni ya duara. Tundu la mraba ni la sarafu za Uchina na nchi jirani zake. Je, kuna maandishi manne kuzunguka tundu, moja kila upande?

Nauliza kwa sababu huku kwetu Mambrui, mwaka 2010, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking pamoja na Makavazi ya Taifa ya Kenya walipata sarafu ya shaba ya Yongle Tongbao, ya enzi ya mfalme Yongle wa Uchina aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Na mwaka 2013 ikatangazwa nyingine kama hiyo kutoka Manda hiyo hiyo yenu, iliyopatikana na wachunguzi waliokuwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams. Yongle ndiye aliyemtuma amiri wake Zheng He na majahazi yake kwenye bahari hii. Sisemi chako ni hicho. Sarafu za namna ile zilipigwa kwa karne nyingi, na siku hizi kuna za kuuzia watalii vilevile. Lakini kama kweli kimetoka Manda, jambo kubwa ni mahali kilipookotwa kuliko shaba yenyewe. Muulize mama yako akiwa ametulia: babu alikipata ufukweni, shambani, au karibu na magofu ya Takwa? Andika maneno yake kama anavyoyasema.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kwa hiyo si kishaba hicho peke yake, hata pesa ya Mombasa ya 1888 na rupia ya Wajerumani zinaingia kama zililetwa wakati huo. Mnunuzi wako akisema anapeleka nje, mwulize kibali chake kiko wapi. Na hicho cha Manda kipeleke Makavazi ya Lamu pale ukingoni mwa bahari wakitazame. Kupeleka kutazamwa si kunyang'anywa.

Na nawaomba vijana mnaosoma hapa, wale wenye vile vyuma vya kutafutia sarafu ardhini: acheni magofu. Huko Shanga kwenye kisiwa cha Pate zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa hapa hapa pwani, za karne nyingi kabla Mreno hajafika. Zilieleweka kwa sababu ilijulikana kila moja ilitoka tabaka gani la udongo. Ungezichota ukazitia mfukoni zingekuwa vipande vya fedha vya uzito wa punje.

BintiMkomani (Lamu)

Jazakumullahu khairan nyote. Nimeazima mizani kwa jirani na nimekesha nayo.

Reale sita ziko kati ya gramu 27.8 na 28.1. Zote zina maneno ubavuni, nimeyapapasa. Kwenye maji zimesoma 2.73 mpaka 2.76. Ya saba, ile inayong'aa ambayo mnunuzi aliisifu, ina gramu 24.3, ubavuni ina meno tu bila maneno, na kwenye maji imesoma 2.88. Nimegawa nikapata 8.4. Lulu zake zimeshikana zote ingawa haina mkwaruzo wa kuvaliwa.

Zile mbili za buluu, lulu zinahesabika tisa, kila moja peke yake. Nimeizungusha moja chini ya tochi ya simu na mwali umezunguka kama mzee alivyosema. Kwenye nyingine mwali unakatika begani.

Mnyama wa 1911 ana mwili wa mviringo na pua fupi. Mama alipotazama kwa kioo alisema neno hilo hilo la watu wa India, astaghfirullah.

Pauni ni ya 1918. Kwenye mstari wa chini ya kwato za farasi, juu ya tarehe, pana kiherufi kimoja kama I. Je, ni mkwaruzo?

Kishaba kina maandishi manne. Mama anasema kilikuwa karibu na Takwa, babu alikuwa amekwenda kukata boriti, mvua ilikuwa imepiga usiku. Jumatatu nitakwenda makavazi.

Mjomba amesoma yote. Ukwaju umeingia mchuzini.

MzeeWaLangoni (Lamu)

Umefanya kazi ambayo wauzaji wenye maduka hawaifanyi.

Hiyo ya saba ni ya bandia. Gramu, ubavu na maji, vitatu vinasema neno moja. Usiiuze kwa mtu yeyote kama reale, hata akiitaka. Ifungie peke yake uandike "bandia" ili mtoto asije kuichanganya baadaye. Na mnunuzi aliyeisifu kuliko zote, ama hajui ama alitaka ujue kwamba nyeupe ndiyo nzuri. Simhukumu, lakini Ijumaa usimpe kazi ya kukufundisha.

Ya pauni si mkwaruzo. Ni herufi ya Bombay. Kiwanda cha kifalme cha London kilifungua tawi lake huko na kikapiga pauni mwaka 1918 tu. Nimefurahi mno kuisoma. Pauni iliyopigwa Bombay, ikavuka bahari ikaning'inia kifuani kwa mwanamke wa Mkomani, hiyo ndiyo njia ambayo mali ya Amu ilipita siku zote, nguo, mchele, masonara wenyewe. Fundi amesema kweli kwamba kwa kipete chake soko litaihesabu kwa dhahabu. Kwa hiyo kama warithi wataafikiana, mimi ningeomba isiuzwe kabisa. Hutapata bei inayolingana nayo, na kuna binti wa kuivaa.

Ya mwali uliokatika begani, hiyo imegusa kidogo mikono ya watu, iko fungu la pili. Yenye mwali mzima ni fungu la kwanza. Ziandikie hivyo. Zile nne za kijivu zina bei ya fedha na nyongeza kidogo: kila reale ina gramu 23.39 za fedha tupu, zidisha kwa bei ya siku, hapo ndipo sakafu yako. Rupia ya Wajerumani nitumie picha mbili, nuru itoke upande, si taa ya simu kutoka juu, maana taa ya juu inafuta kila kitu. Nataka kuona manyoya ya tai kwenye kofia ya Wilhelm, kaisari wa Wajerumani, na simba aliye chini ya mnazi upande wa pili.

Kuhusu kuziweka. Nyumba zetu za mawe zinapumua chumvi. Usizirudishe zote pamoja kwenye fundo, zitasuguana. Usitie kwenye zile bahasha laini za plastiki zinazonuka, hutoa majimaji ya kijani yanayokula uso wa sarafu. Usifunge kwa mpira, una salfa. Tafuta vile vifuniko vya karatasi ngumu vyenye dirisha la poliesta, kila moja yake, ukibana pini usizielekeze kwenye sarafu. Zitie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, uvibadilishe kila baada ya muda. Leso ya bibi ikunje uiweke juu ya kopo, si ndani.

Rupia ya 1911 usiipeleke kwa wa gramu hata kwa kuonyesha tu. Mimi mwenyewe naitaka, nasema wazi mbele ya wote ili isije ikaonekana nilikuwa nakushauri kwa tamaa. Tafuta kwanza bei kwa wengine wawili, hata walioko Mombasa au Nairobi, kisha njoo na mjomba wako Langoni jioni yoyote baada ya Alasiri, tuitazame pamoja mlangoni penye nuru, nami nitasema bei yangu akiwepo.